Kichupa Kimoja, Mbwa Mmoja

Siku Karani alipomkatalia shemeji yake mbele ya familia nzima, shemeji alikuwa tayari ameshika sindano. Mbwa mdogo alikuwa ameshikwa miguu na mumewe Karani, pale uani kwenye kivuli cha nguo zilizoanikwa, na mama mkwe alikuwa ameketi pembeni kwenye kiti cha plastiki akitazama mwanawe mdogo anavyofanya kazi yake ya udaktari.

"Hebu ngoja," Karani akasema.

Akakichukua kile kichupa cha chanjo kutoka kwenye kiganja cha shemeji, akakifumbata.

"Cha moto. Kina joto kama yai lililotoka kutagwa sasa hivi."

"Kilikuwa mfukoni tu, shemeji. Kutoka dukani mpaka hapa."

"Kutoka dukani mpaka hapa umepita nyumba ngapi?"

"Nne. Na wangu wa nyumbani ni wa tano."

"Kwa vichupa vingapi?"

Shemeji akacheka, akamtazama kaka yake kana kwamba anamwambia, mkeo huyu. "Viwili. Hawa ni watoto, shemeji. Kichupa kizima ni cha mbwa mkubwa. Mimi nagawa, kila mmoja anapata chake."

Karani akakirudisha kile kichupa kwenye mfuko wa dawa wa shemeji, akaufunga zipu.

"Huyu wangu humdungi."

Mumewe alibaki ameshika miguu ya mbwa, hajui aachie au aendelee kushika.

Mjue kwanza huyu mwanamke alikuwa nani. Jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika hata na baadhi ya ndugu. Alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la nafaka, na jina la kazi likamganda mpaka nyumbani. Mumewe mwenyewe alimwita Karani. Aliingia pale ghalani akiwa na miaka ishirini na mitatu, kwa kazi ya kufagia. Alifagia huku jicho liko kwenye mizani, akajifunza kuiweka sifuri, akajifunza kumjua mpakiaji anayekanyaga ukingo wa bamba kwa kidole cha mguu ili gunia lizidi. Karani wa zamani alipostaafu, yeye ndiye aliyekuwa anajua kazi, wakampa.

Mwaka wake wa nne kwenye kazi hiyo, meneja alimletea rafiki yake mwenye lori na kumwambia aandike kilo tisini kwa kila gunia, asipoteze muda kupima. Karani akapima. Themanini na nne. Akaandika themanini na nne. Kesho yake alirudishwa kwenye ufagio. Alifagia miezi saba, hakulalamika, hakuomba msamaha, na kila asubuhi alimsalimia meneja kwa sauti ya juu kuliko wote. Yule aliyewekwa mahali pake aliandika kila alichoambiwa, mpaka walipohesabu shehena wakakuta ghala lina nafaka nyingi kwenye karatasi kuliko sakafuni. Wakamwita Karani ofisini, wakamwambia arudi kwenye mizani. Hakushukuru. Aliomba kiti chenye mgongo, wakampa.

Basi huyo ndiye aliyekuwa anabishana na shemeji yake.

Na shemeji naye si kwamba alikuwa mtu mbaya. Mtaa mzima ulimwita Dokta. Aliwahi kuuza kwenye duka la dawa za mifugo kwa miaka kadhaa, duka likafungwa, akabaki na mfuko, sindano na mdomo mtamu. Kuku wakikohoa, anaitwa Dokta. Mbuzi akigoma kula, anaitwa Dokta. Alikuja haraka, alikuwa mcheshi, na mama yake alijivunia yeye kuliko mwanawe mkubwa, mume wa Karani, ambaye alikuwa fundi wa kushona makochi na siku nzima alishinda na misumari midogo mdomoni, hivyo hata akitaka kusema neno hawezi.

Lakini mwaka uliopita Karani alimwachia Dokta amchanje mbwa mwingine, mdogo kama huyu. Wiki tatu baadaye mbwa yule alianza kutapika povu, kisha akaharisha damu, na siku ya nne akafia mapajani mwa Karani, mwepesi kama kanga kavu. Dokta alikuja, akatikisa kichwa, akasema ni bahati yake. Karani alimeza maneno kwa ajili ya amani ya nyumba. Alipokuwa anachimba shimo nyuma ya banda la makochi, alijiapiza kwamba amani ya namna hiyo hatainunua tena.

Huyu wa sasa alitoka ghalani. Jike la ulinzi, mbwa wa mbegu kubwa, wale ambao wakisimama kichwa kinafika kiunoni mwa mtu mzima, lilizaa watoto sita kwenye kona ya magunia matupu. Wapakiaji walimwita huyu mmoja Gunia, kwa sababu akilala pale hukuweza kujua gunia ni lipi na mbwa ni yupi. Karani alimchukua alipofikisha wiki saba. Wale watano wengine waligawiwa mtaani, mmoja akachukuliwa na Dokta mwenyewe.

Dokta alipoondoka jioni ile, alikuwa amekunja uso na mfuko wake kwapani. Mama mkwe alihamisha kiti chake kutoka uani akakiweka barazani, akampa Karani kisogo.

"Unamwaibisha mwanangu kwa ajili ya mbwa," akasema kwa ukuta.

"Mama, sikumwaibisha. Nilimuuliza swali."

"Kuna maswali ya kuuliza na kuna maswali ya kumeza."

"Mwaka jana nililimeza, mama. Halikushuka."

Siku mbili mama mkwe hakugusa chakula kilichopikwa na Karani. Alikula maandazi ya dukani na kunywa chai ya rangi, akahakikisha kila mtu anamwona akinywa.

Karani hakutetereka. Jumatatu alikwenda na Gunia ghalani kabla ya kazi kuanza, akamweka kwenye mizani ndogo ya mbegu. Gunia alikataa kutulia, akataka kula utepe wa karatasi. Mara ya tatu mshale wa mizani ukasimama: kilo saba na nusu. Kisha akalichukua boksi la dawa ya minyoo ambalo Dokta aliliacha mezani, akavaa miwani, akasoma. Kidonge kimoja kwa kilo kumi. Dokta alikuwa amewapa wale wengine nusu kidonge kila mmoja, kwa makadirio ya macho, maana kwake mtoto wa mbwa ni mtoto wa mbwa, awe wa mbegu ya paka au ya ndama.

"Nusu ni ya kilo tano," Karani akamwambia mpakiaji aliyekuwa karibu, kama vile yeye ndiye aliyekosea. "Huyu ana saba na nusu. Minyoo itakayobaki itakula kwa nani?"

"Mimi sijasema kitu, Karani," mpakiaji akajibu.

Akakata kidonge robo tatu kwa wembe, akakisaga, akakichanganya na ugali laini. Kesho yake asubuhi Gunia alitoa uani kitu kilichomfanya mama mkwe apige ukelele ulioleta majirani. Ilikuwa minyoo, mingi, myeupe, imesokotana kama tambi zilizochemshwa, na mmoja bado unajinyonganyonga. Mama mkwe alisimama juu ya kiti chake cha plastiki na kanga ameishika magotini.

"Vyote hivyo vilikuwa ndani ya hicho kitumbo?"

"Na bado, mama. Wiki mbili zijazo tunarudia."

Mchana ule mama mkwe alikula wali wa Karani, akalalamika kwamba umepungua chumvi.

Kliniki ya mifugo ya serikali ilikuwa upande wa pili wa mji. Karani alilifunga beseni la kufulia kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli ya mumewe, akaweka gunia laini ndani, akamkalisha mbwa. Akaisukuma baiskeli kwa miguu safari nzima, kwa sababu Gunia hakutaka kukaa ila akiwa ameegemeza kidevu begani kwake.

Daktari wa mifugo alikuwa mwanamke kijana mwenye gauni jeupe lenye alama za kwato. Alifungua friji, akatoa kichupa, akakiweka kwenye mkono wa Karani bila kuombwa. Kilikuwa baridi kiasi cha kuuma. Karani akakipenda papo hapo. Ila alipoona dawa yote inayovutwa ni ujazo wa kijiko kidogo tu, moyo wake wa mizani ukakataa.

"Daktari, samahani. Huyu ni wa mbegu kubwa. Kile kijibwa kilichotoka hapa sasa hivi ni sawa na sikio la huyu. Mnawapa sawasawa?"

"Sawasawa, mama."

"Haiwezekani. Dawa ya minyoo mnapima kwa kilo."

"Dawa ya minyoo inakwenda kupigana, ndiyo maana inapimwa. Chanjo inakwenda kufundisha mwili kumtambua adui. Somo ni lile lile, mwanafunzi awe mnene au mwembamba. Kichupa kimoja, mbwa mmoja. Usipunguze, usiongeze."

Karani alibisha kidogo tena, kwa sababu hakuwa mtu wa kunyamaza kwa jibu la kwanza. Akauliza kwa nini basi arudi mara tatu, kama somo ni lile lile. Daktari akavuta kiti. Akamweleza kwamba mtoto wa mbwa hubaki na kinga ya maziwa ya mama yake, na kinga hiyo inaweza kuifukuza chanjo kabla haijafanya kazi. Hakuna ajuaye inakwisha wiki gani. Kwa hiyo wanarudia kila baada ya wiki nne mpaka afike wiki ya kumi na sita, na siku hiyo atachanjwa na ya kichaa cha mbwa.

"Mpaka hapo, asikanyage barabarani. Asinuse mbwa wengine. Na mtu aliyetoka kwenye mbwa mgonjwa asiingie kwako na viatu vyake. Ugonjwa ule wa kuhara damu unatembea na soli."

Karani alirudi nyumbani na kadi, na amri. Lango likafungwa kwa ndoano. Gunia akawa anaiona dunia kwa upenyo wa mbao mbili. Mtaa ukacheka. Walisema Karani amefuga bibi harusi. Mwenye duka la jirani, ambaye naye alikuwa na ndugu yake Gunia, alimpitisha wake langoni kila jioni akiwa amefungwa kamba, akaita kwa sauti, "Karani! Mgonjwa wako hajambo?"

"Hajambo! Na wako mtoe hapo langoni kwangu!"

Katikati ya mwezi wa pili wa kifungo hicho, wiki moja baada ya Gunia kuchomwa chanjo ya pili, yule wa mwenye duka aliacha kula.

Ugonjwa ulianza hivyo. Siku ya pili kutapika, siku ya tatu damu. Kisha wa fundi viatu. Kisha wa mwalimu mstaafu wa kona ya pili. Dokta alikimbia nyumba hadi nyumba, macho mekundu, akiwanywesha maji ya sukari na chumvi, akiwadunga alichokuwa nacho. Kwa haki yake, hakulala. Lakini wawili walikufa ndani ya siku nne, na wa tatu, yule wa mwenye duka, akafuata.

Karani alijua Dokta atakuja. Aliweka beseni langoni, maji na dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, harufu kali ya kutoa machozi. Akakaa mbele yake kwenye stuli ya mumewe. Na kweli, mchana wa Jumamosi Dokta akatokea, suruali imeloa magotini, viatu vimetapakaa.

"Shemeji, fungua. Nimekuja kumwona Gunia. Ugonjwa umeingia mtaani, nataka nimdunge kitu cha kumkinga."

"Gunia mzima."

"Wote walikuwa wazima. Fungua."

"Hapa huingii na viatu hivyo. Umetoka kwa mgonjwa sasa hivi. Ukitaka kuingia, vua, osha mikono hapo, na Gunia humshiki."

Mama mkwe alishafika, ametupa fimbo yake chini kwa haraka.

"Unamzuia mwanangu kuingia nyumbani kwa kaka yake?"

"Simzuii yeye, mama. Nazuia viatu."

"Kwa mbwa! Kwa mbwa utavunja udugu?"

Karani akasimama. Alikuwa mfupi, na lango lilimfika kifuani, lakini alilishika kwa mikono miwili kama mtu anayeshika usukani.

"Mama, mwaka jana yule alifia mapajani mwangu, na nyinyi nyote mliniambia pole, ni bahati. Sikujibu. Leo nasema: si bahati. Ni chanjo iliyochemka mfukoni, na kichupa kimoja kukigawa mbwa watatu. Shemeji, nakuheshimu, na najua unawahurumia. Lakini kama nitakosana na ukoo mzima ili huyu aone wiki ya kumi na sita, basi tukosane. Kesho nitaamka, nitapika, nitawasalimia. Ila leo hupiti."

Majirani walishaanza kuchungulia. Dokta alimtazama kaka yake, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa banda la makochi, misumari mdomoni. Fundi makochi akaitema misumari kiganjani, mmoja mmoja, akaihesabu kwa macho.

"Vua viatu, mdogo wangu," akasema. "Au rudi baadaye."

Miaka ishirini ya ndoa, na Karani hakukumbuka siku mumewe aliyowahi kusema jambo hadharani likiwa la upande wake. Hakugeuka kumtazama, aliogopa angelia.

Dokta hakuvua. Aliondoka kwa hatua kubwa. Lakini alipofika kwenye kona alisimama, akarudi nusu ya njia.

"Na wangu ameanza kutapika," akasema, sauti imeshuka. "Tangu asubuhi."

"Ameshaharisha?"

"Bado."

"Basi usimpe sukari. Mpeleke kliniki ya serikali sasa hivi, wana dripu. Usingoje Jumatatu. Chukua baiskeli hiyo ya kaka yako, beseni bado limefungwa. Ukirudi nayo iache nje, nitaiosha."

Alisita. Karani aliona jinsi kichwa kilivyobishana na moyo. Kisha Dokta akaichukua baiskeli.

Hakuja kueleza kilichotokea huko. Karani alikisikia kwa daktari, mwezi uliofuata, alipompeleka Gunia kwa mara ya tatu. Safari hii beseni lilikataa; alikuwa na kilo ishirini na moja, ikabidi fundi makochi avute mkokoteni. Daktari aliandika kwenye kadi, akamchoma chanjo ya mwisho na ya kichaa cha mbwa kwenye mapaja mawili tofauti. Gunia hakulia, alikuwa anautazama mkia wa paka dirishani.

"Kuna bwana mmoja alileta ndugu yake huyu," daktari akasema. "Alikaa hapa siku tatu, kwenye benchi lile. Ana mfuko wa dawa. Akaniuliza mambo mengi."

"Yule mbwa?"

"Alipona. Amedhoofika, lakini alipona."

Karani akauliza lini wapime tena dawa ya minyoo, maana Gunia alikuwa akiongezeka kila wiki kama anayelipwa kwa kilo.

Siku kumi baadaye, asubuhi kweupe, aliondoa ndoano, akafungua lango. Gunia alisimama kizingitini, miguu ya mbele imesita, akanusa barabara ambayo alikuwa ameiona kwa upenyo tu. Halafu akamvuta Karani mtaa mzima kwa mbio, kandambili moja ikabaki nyuma. Watu walisimama milangoni. Mwenye duka aliinua mkono, asiseme utani wowote. Karani alimwambia akitaka mbwa mwingine, asichukue kabla ya kuja kwake kwanza, amweleze. Alipita kwa fundi viatu, akamwambia vivyo hivyo. Kwa mwalimu mstaafu alikaa saa nzima, maana yule alitaka kuandika.

Karani alimkuta Dokta kwenye kibanda cha kinyozi, anaongea na watu watatu. Mkononi alikuwa na chupa ya chai, kubwa, ya maua. Aliifungua kifuniko kuwaonyesha: barafu, na vichupa vimelala juu yake kama samaki sokoni.

"Chanjo ni baridi, jamani," alikuwa anasema. "Na kichupa kimoja, mbwa mmoja. Mimi ndivyo nilivyofanya siku zote."

Akamwona Karani. Macho yao yakagongana. Gunia aliinua kichwa, akafika kiunoni mwa kinyozi.

"Siku zote, shemeji?" Karani akauliza, kwa sauti ile ile aliyomsalimia nayo meneja miezi saba.

Kinyozi akazima mashine. Dokta akafunga kifuniko cha chupa, akakifungua tena.

"Tangu mwezi uliopita," akasema.

"Hapo sawa," Karani akajibu, na kuwageukia wale watatu. "Mwiteni. Lakini kabla hajadunga, kishikeni kichupa kwanza. Kama hakiwaumi mkono kwa baridi, mrudishieni."

"Shemeji, wewe nawe!"

"Ndiyo, mimi. Na kilo za dawa ya minyoo, waleteni ghalani kwangu saa moja asubuhi, kabla ya malori. Sipimi kwa macho."

Wiki iliyofuata walikuja wanne, na mbwa wanne, na meneja mpya akatoka ofisini kuuliza ni kwa idhini ya nani mizani ya nafaka inapima mbwa. Karani alikuwa ameinama, anakisubiri kijibwa cheusi kitulie.

"Niandikie barua," akasema bila kuinua kichwa. "Nitaijibu nikimaliza na huyu."